Uso wa Pili wa Paneli

Kiwanda cha Shituru kilipoanza kazi mwaka 1929, Likasi, huku Katanga nchini Kongo, ikawa mji wa umeme kabla ya kuwa mji wa taa. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitaka shaba safi kuliko ile ya tanuri. Mawe yalisagwa, yakaloweshwa katika asidi, na maji yale ya buluu yaliyobeba shaba yakamwagwa kwenye mabeseni makubwa. Humo ukapitishwa umeme, nao ukaivuta shaba chembe kwa chembe mpaka ikaganda juu ya bamba. Umeme unaofanya kazi hiyo hauyumbi huku na huko kama ule wa ukutani nyumbani. Unakwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Umeme wa namna hiyohiyo ndio unaotoka kwenye paneli ya sola, na kwangu ni jambo kubwa kwamba mji uliouzoea kwa karibu miaka mia leo unaununua kipande kwa kipande, katika paneli zinazofungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki.

Umeme wa Shituru ulitoka mtoni. Maporomoko ya Lufira yalizibwa pale Mwadingusha, mitambo ikaanza kuzunguka mwaka 1930, na maji yaliyozuiliwa yakatanda bondeni yakawa ziwa Tshangalele. Kadiri migodi ilivyopanuka, mabwawa yakaongezwa: Koni kwenye Lufira hiyohiyo, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakamilika waya mkubwa wa Inga–Shaba, wa kilomita zipatazo 1,700, kutoka Inga, kwenye sehemu ya chini ya mto Kongo, mpaka Kolwezi. Ulipita juu ya vijiji vingi visivyokuwa na taa hata moja. Haukujengwa kwa ajili yao. Ulijengwa kwa ajili ya mabeseni ya shaba, na wakati huo Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba katika mwaka wake bora.

Miaka kumi baadaye Gécamines ilikuwa imeanguka, mitambo imechakaa, na wakazi wa mitaa ya Kikula, Panda na Shituru wamejifunza kuishi na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Mwadingusha imefufuliwa, kazi hiyo iliyogharamiwa kwa ajili ya mgodi wa Kamoa ulio karibu na Kolwezi ilimalizika mwaka 2021, na leo kituo kinaweza kutoa megawati 78. Ni kazi njema. Lakini mwenye saluni, mwenye friji ya samaki, mwenye zahanati ndogo wa Likasi hakungoja. Alinunua sola. Na paneli anazopewa dukani miaka hii, mara nyingi zina kioo mbele na kioo nyuma, na muuzaji humwambia kwamba zinakula mwanga pande zote mbili. Muuzaji hasemi uongo. Lakini maneno hayo yana historia ndefu, na asiyeijua atalipia mgongo ambao hautamzalia kitu.

Tuanzie mwaka 1954. Katika maabara ya Bell kule Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme kwa kiwango cha asilimia sita hivi. Katanga nayo ilikuwa ndani ya sayansi hiyo, ijapokuwa kwa mlango wa nyuma. Transista za kwanza zilitengenezwa kwa jerimani, si silikoni, na mawe ya Kipushi, karibu na Lubumbashi, yalikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya jerimani duniani. Mwaka 1948 wanasayansi walilieleza kwa mara ya kwanza jiwe la huko lenye madini hayo wakaliita renierite, kwa heshima ya mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier. Silikoni ilikuja kuishinda jerimani kwenye redio na kompyuta. Kwenye setilaiti, jerimani bado ndiyo sakafu ambayo seli bora za sola hujengwa juu yake.

Seli za mwanzo zilitazama upande mmoja. Ili umeme utoke lazima ukutane na metali, na njia rahisi ilikuwa kuupaka mgongo wote metali. Mgongo ukawa ukuta usiopitisha mwanga. Mtu wa kwanza kuandika kwamba ukuta huo si lazima uwepo alikuwa Hiroshi Mori, mhandisi wa kampuni ya Hayakawa ya Japani, ile ambayo baadaye iliitwa Sharp. Ombi lake la hataza ni la Oktoba 1960: seli yenye tabaka la kukusanya umeme mbele na jingine nyuma, na metali ikiwa pembeni tu. Michoro yake ni mizuri. Soko halikuwepo, maana silikoni yenyewe ilikuwa ghali kiasi kwamba sola ilikuwa mali ya setilaiti na ya matajiri wa mafuta waliohitaji taa baharini.

Waliomfuata walikuwa wanajeshi. Kituo cha kijeshi cha Kisovieti, Salyut 3, kilirushwa angani mwaka 1974, kikafuatwa na Salyut 5 mwaka 1976, na vyote viwili vilibeba paneli za nyuso mbili zilizotengenezwa Moscow. Angani hesabu ni nyepesi kueleweka. Dunia iliyo chini ya kituo hurudisha juu takriban asilimia thelathini ya mwanga wa jua unaoipiga: mawingu, theluji, majangwa. Paneli ikielekeza uso wake kwenye jua, mgongo wake unatazama taa nyingine kubwa ya bluu na nyeupe. Huko, ambako kila kilo inarushwa kwa gharama ya kutisha, umeme wa ziada bila kuongeza eneo la paneli ulikuwa na thamani isiyobishaniwa.

Kuishusha duniani fikra hiyo ilikuwa kazi ya Wahispania. Antonio Luque na wenzake wa chuo kikuu cha ufundi cha Madrid walikuwa wakihangaika na seli za nyuso mbili tangu katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1982 Andrés Cuevas na wenzake walichapisha matokeo ambayo mpaka leo yanatajwa: paneli iliyozungukwa na nyuso nyeupe zilizopangwa vizuri ilitoa nguvu zaidi kwa asilimia hamsini. Nawaomba wasomaji washike maneno hayo, nyuso nyeupe zilizopangwa vizuri, kwa sababu wauzaji wengi wanaikumbuka asilimia hamsini na kuisahau rangi nyeupe.

Luque hakuishia kwenye makaratasi. Mwaka 1981 alianzisha kampuni, Isofotón, mjini Málaga, kwa nia ya kutengeneza seli hizo kiwandani. Mitambo miwili ya kwanza ya maana ilikuwa ya kilowati ishirini kila mmoja. Mmoja ulisimikwa San Agustín de Guadalix, karibu na Madrid, mwaka 1986. Wa pili ulikuja Afrika: kijiji cha Noto Gouye Diama, Senegali, mwaka 1988, kwa fedha za msaada wa Hispania. Napenda jambo hili lijulikane. Tunazoea kuletewa teknolojia ikiwa imekwisha kuchakaa kwa wenzetu. Hii ilifika kwenye mchanga wa Senegali karibu miaka thelathini kabla ya kuenea Ulaya yenyewe, na mchanga mweupe wa kule ulikuwa mahali pake hasa.

Kisha Isofotón ikaiacha. Sababu haikuwa kwamba seli zilishindwa. Wakati huohuo viwanda vingine vilikuwa vimegundua njia ya mkato: kupaka uji wa alumini mgongo mzima wa seli na kuuchoma motoni. Alumini ile iliyeyuka ikaingia kidogo ndani ya silikoni, ikaunda tabaka lililosaidia kusukuma umeme mbele, na kazi yote ikamalizika kwa mashine moja ya kuchapa na tanuri moja. Seli ya nyuso mbili ilihitaji hatua nyingi zaidi. Nani angelipa? Kwa karibu miaka thelathini mgongo wa alumini ulitawala dunia, na paneli nyingi za zamani zilizo juu ya mabati ya Likasi, zile zenye plastiki nyeupe nyuma, ni za ukoo huo.

Katikati ya utawala huo palikuwa na watu wachache wasiokata tamaa. Mwaka 1997 huko Zurich, Uswisi, ukuta wa kuzuia kelele za barabara kuu ulijengwa kwa paneli za nyuso mbili zilizosimama wima, uso mmoja ukitazama mashariki na mwingine magharibi. Sanyo ya Japani iliuza paneli zenye tabaka nyembamba za silikoni ya aina nyingine juu ya seli, pande zote mbili, nazo kwa umbile lake zilikuwa tayari kuona nyuma. Katika kisiwa cha Hokkaido, ambako theluji hulala miezi mingi, mwaka 2013 ulisimikwa mtambo wa zaidi ya megawati moja. Theluji ni kioo cha asili.

Lakini mageuzi yenyewe yalikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitangaza kwa tarumbeta. Katika miaka ya 1980, wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha New South Wales, Australia, chini ya Martin Green, walitengeneza seli iliyokuja kuitwa PERC. Waliufunika mgongo kwa tabaka jembamba la kuzuia umeme usipotee, kisha wakalitoboa matundu madogo tu ili metali ipate pa kugusia. Viwanda vilichukua miaka zaidi ya ishirini kuweza kuifanya kwa bei nafuu. Vilipoweza, viliendelea kuupaka mgongo mzima alumini kwa mazoea, ingawa alumini sasa ilikuwa na kazi kwenye matundu peke yake. Karibu mwaka 2015, watafiti wa taasisi ya ISFH ya Ujerumani na kampuni ya SolarWorld wakafanya jambo ambalo ukilitazama leo unajiuliza kwa nini lilichelewa: wakachapa alumini kwa mistari, kama meno ya chanuo, juu ya mistari ya matundu tu. Uji wa alumini uliokuwa ukitumika ukapungua sana. Na mgongo, ulioachwa wazi katikati ya mistari, ukaanza kuona mwanga. Ndoto ya Mori ilitimia kama zawadi iliyokuja pamoja na kubana matumizi.

Baada ya hapo ilikuwa mbio. Kule Benban, Misri, mwaka 2019 kampuni ya Scatec ya Norwe iliwasha mtambo wa paneli za nyuso mbili juu ya mchanga wa jangwa, zikiwa juu ya vyuma vinavyogeuka kulifuata jua. Mwaka huohuo Marekani iliziondolea paneli hizo ushuru uliokuwa umewekewa paneli zinazotoka nje, na viwanda vya China vikapata sababu ya kuzitengeneza kwa mamilioni. Mwaka 2020 watafiti wa Singapore walichapisha hesabu ya dunia nzima: nyuso mbili pamoja na vyuma vinavyogeuka vinaongeza umeme kwa wastani wa asilimia 35 kuliko paneli ya kawaida iliyokaa mahali pamoja, na gharama ya kila uniti inashuka. Ongezeko hilo ni la mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na sehemu kubwa yake ni ya kule kugeuka. Mwenye kuifunga paneli kwenye paa asiidai hiyo 35.

Sasa tuzitazame paneli zenyewe, kwa sababu si zote ni ndugu wa baba mmoja.

Ndani ya kioo kuna aina tatu za seli zinazoshindana. PERC ndiyo ya bei nafuu na inaondoka sokoni. Mgongo wake hutoa kama asilimia 70 ya kile ambacho uso wake ungetoa kwa mwanga uleule. TOPCon, ambayo sasa imejaa madukani, hutoa kama 80. HJT, mjukuu wa zile za Sanyo, hufika 90 au zaidi. Kwenye karatasi za matangazo tofauti hizi zinaandikwa kwa herufi kubwa. Lakini hebu tufanye hesabu ya Likasi. Jua la adhuhuri linaipiga paneli kwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Chini kuna udongo na majani makavu, yanayorudisha labda sehemu moja kwa tano ya mwanga, na nusu ya mwanga huo hauufikii mgongo kwa sababu ya kivuli cha paneli yenyewe. Tuseme mgongo unapata wati 100. PERC inazihesabu kama 70, HJT kama 90. Faida ya mmoja juu ya mwingine ni wati 20 juu ya elfu na ushei: asilimia mbili.

Joto lina uzito zaidi. Seli zote hupoteza nguvu zikipashwa moto, PERC kwa takriban asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja zaidi ya 25, TOPCon karibu 0.30, HJT karibu 0.25. Juu ya bati la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, seli hufika nyuzi 60 bila shida. PERC imepoteza asilimia 12, HJT chini ya 9. Basi anayelipa zaidi kwa HJT Katanga analipia ubaridi wake kwanza na mgongo wake baadaye. Hili ndilo ninalotamani mafundi wetu walieleze kwa wateja, maana ni faida inayopatikana hata pale mgongo usipoona kitu.

Kuna jambo la kufunika mgongo. Wengine wanafunika kwa kioo, wengine kwa plastiki inayopitisha mwanga. Plastiki ni nyepesi na inamsaidia fundi anayepanda ngazi peke yake. Kioo hakipitishi unyevu, hakichubuliwi na mchanga, hakizeeki kwa jua. Kwa mji wenye miezi sita ya mvua na miezi sita ya vumbi la malori ya madini, mimi nachagua kioo bila kusitasita. Ila kuna bei yake. Paneli ya zamani ilikuwa na kioo kimoja cha milimita 3.2 kilichoimarishwa kwa moto. Ile ya vioo viwili kwa kawaida ina milimita 2 mbele na 2 nyuma, na kioo chembamba hivyo hakiwezi kuimarishwa kwa kiwango kilekile. Wakati huohuo paneli zimekua: zile kubwa zina urefu wa zaidi ya mita mbili na uzito wa zaidi ya kilo 30. Miaka ya karibuni maabara na wenye mitambo mikubwa katika nchi kadhaa wameripoti vioo vinavyopasuka vyenyewe, bila mvua ya mawe, bila jiwe. Fremu nyembamba, vibanio vilivyokazwa kupita kiasi, paneli iliyoegemezwa kona moja chini wakati wa kuishusha garini: vyote vimo. Barabara yetu kutoka Lubumbashi haina huruma, na paneli inayofika Likasi ikiwa nzima inaweza kuwa imekwisha kubeba ufa usioonekana.

Wabunifu wamefanya kazi ya akili hata kwenye vitu vidogo. Kisanduku cha nyaya kilichokuwa kikubwa katikati ya mgongo kilikatwa kuwa visanduku vitatu vidogo, visitie kivuli kwenye seli. Seli zenyewe zikakatwa nusu, mkondo katika kila utepe ukapungua, na kivuli cha upande mmoja kikaacha kuua paneli nzima. Baadhi ya viwanda huchapa rangi nyeupe kwenye kioo cha nyuma, katika mianya kati ya seli, ili mwanga unaopenya mianya hiyo urudishwe mbele. Wanapoteza mwanga kidogo wa nyuma, wanapata zaidi wa mbele. Ukiona mistari myeupe kama nyavu kwenye mgongo wa paneli, si pambo.

Swali la kipimo lilileta ugomvi mrefu. Paneli ikiandikwa wati 500, ni 500 za upande gani? Kwa miaka kila kiwanda kilijibu kivyake. Mwaka 2019 shirika la viwango la IEC lilitoa utaratibu wa kupima nyuso mbili, na toleo la 2021 la kiwango cha paneli likaweka hali moja ya kulinganishia: wati 1,000 mbele na 135 nyuma kwa mita ya mraba. Mnunuzi anayejua kusoma lebo atatafuta namba mbili, ya mbele peke yake na ya nyuso zote, na ataikataa ile inayojumlisha bila kusema.

Zile 135 za kiwango ni za ardhi nzuri. Ardhi ya Likasi inabadilika kwa majira kuliko karatasi yoyote inavyojua. Mwezi wa nne nyasi ni mbichi na zinarudisha mwanga kidogo. Kiangazi zinakauka zikawa za dhahabu, na udongo mwekundu unaonekana. Hapo mgongo unakula vizuri. Kisha moto wa msituni unapita, wa wawindaji au wa wachoma makaa, na kwa wiki kadhaa ardhi chini ya paneli ni nyeusi kabisa. Mtambo wa nje ya mji unaweza kupoteza karibu mwanga wake wote wa nyuma katika majira yenyewe ambayo jua halina wingu. Kufyeka mapema na kumwaga changarawe nyeupe chini ya safu kunaleta faida kuliko kubadili aina ya seli. Uwanja wa saruji wa shule au wa zahanati unarudisha mwanga kuliko vyote hivyo.

Na kuna mahali tulipo duniani. Likasi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, jua likipita juu kabisa ya kichwa mwezi wa kumi na tena mwezi wa pili. Paneli zinazosimama wima, zile za ukuta wa Zurich, zinapendeza kwenye nchi za jua la pembeni. Hapa, adhuhuri, jua lingepita juu ya ukingo wake bila kugusa uso wowote. Zetu hulazwa kwa mteremko mdogo kuelekea kaskazini. Paneli iliyolazwa inakusanya vumbi mbele, na nyuma inabaki safi. Lakini ikiwa imebanwa juu ya bati kwa sentimita kumi, usafi huo hauna faida, giza ni lilelile. Ikiinuliwa mita moja juu ya ardhi au juu ya paa bapa la saruji, mgongo unafunguka. Chuma cha kuinulia kina gharama, na hapo ndipo hesabu ya kweli ya nyuso mbili inapofanyiwa: kwenye chuma, si kwenye seli.

Nimesikia watu wakiuliza kwa nini basi nyumba ya kawaida inunue nyuso mbili. Jibu langu ni kwamba ainunue kwa ajili ya kioo cha nyuma kinachodumu, na kwa sababu bei zimekaribiana mno. Asilipe faranga hata moja zaidi kwa ajili ya mwanga ambao bati halitaurudisha.

Kwa wakubwa hesabu ni nyingine. Manono, katika Tanganyika, tangu 2018 ina mtambo wa megawati moja wenye betri, uliojengwa katika mji usio na waya wa gridi. Zambia, ng'ambo ya mpaka, ilipopigwa na ukame wa 2024 uliopunguza sana maji ya bwawa la Kariba, iliharakisha mitambo ya sola kwenye ukanda wake wa shaba. Mwaka 2025 mgodi wa Kamoa uliingia mkataba na kampuni ya CrossBoundary Energy wa kujenga karibu na Kolwezi mtambo wa megawati 222 za sola wenye betri za megawati-saa 526, ili upate megawati 30 usiku na mchana bila kukatika. Megawati 222 kwa ajili ya 30: hiyo ndiyo bei ya kulifanya jua liangaze usiku. Katika uwanja wa ukubwa huo, kila asilimia moja inayotoka mgongoni ni umeme wa mtaa mzima.

Kuna deni moja katika hadithi hii ambalo linamhusu mchimbaji wa Likasi kuliko mnunuzi wa paneli. Mistari myembamba inayokusanya umeme juu ya seli imechapwa kwa madini ya fedha. Mgongo wa alumini uliitumia kidogo. PERC ya nyuso mbili iliendelea na alumini nyuma. TOPCon ikaweka fedha pande zote mbili. HJT haivumilii tanuri la moto, ikatumia uji wa fedha unaokauka kwa joto la chini, na kwa wingi zaidi. Kadiri mgongo ulivyozidi kuona, ndivyo fedha ilivyozidi kutumika, na bei yake ikawa mzigo wa viwanda. Mbadala unajulikana tangu zamani: shaba, ambayo inapitisha umeme karibu sawa na fedha kwa sehemu ndogo sana ya bei. Kilichoizuia ni kwamba shaba ikipashwa moto huingia ndani ya silikoni na kuiua seli. Tepe za shaba zinaunganisha seli moja na nyingine katika kila paneli iliyopo Likasi leo, lakini kwenye uso wa seli yenyewe shaba ilikatazwa.

HJT imefungua mlango huo, kwa sababu tabaka lake la nje linalopitisha umeme na mwanga linasimama kama kizuizi kati ya shaba na silikoni. Mwaka 2021 kampuni changa ya SunDrive ya Sydney ilitangaza seli ya HJT yenye mistari ya shaba badala ya fedha, iliyofika asilimia 25.54. Aiko ya China inauza tayari paneli zisizo na fedha kabisa, ingawa zake zimepanga metali yote nyuma. Namna wanavyoiweka shaba hiyo si kuchapa. Seli inaingizwa kwenye beseni la maji ya buluu yenye shaba, umeme wa upande mmoja unapitishwa, na shaba inaganda juu ya mistari chembe kwa chembe. Mfanyakazi yeyote wa Shituru angeitambua kazi hiyo mara tu aingiapo mlangoni, ijapokuwa bamba lake lilikuwa na uzito wa makumi ya kilo na mstari huu ni mwembamba kuliko unywele.

Bado viwanda vingi vinabaki na fedha, vikiipunguza au vikizivisha chembe za shaba ngozi ya fedha, kwa sababu mashine za kuchapa zipo na mabeseni yanataka maji mengi na usafishaji wa taka. Shindano hilo halijaamuliwa. Likiamuliwa kwa upande wa shaba, mabamba yanayopakiwa Katanga kwenda Dar es Salaam, Lobito na Durban yatakuwa na mteja mwingine.